Kilomita 67 kwa lita: jinsi ninavyozisoma ahadi za magari ya haibridi ya kuchaji

Mitsubishi Outlander PHEV (herufi hizo zina maana ya haibridi ya kuchaji, gari la petroli na umeme linalochomekwa kwenye soketi) ilipoingia sokoni nchini Japani mwaka 2013, maelezo yake rasmi yalitaja kilomita 67 kwa lita moja ya petroli. Ulaya gari lilo hilo liliandikiwa lita 1.9 kwa kilomita 100, yaani karibu kilomita 53 kwa lita, na Waingereza, ambao huhesabu kwa maili na galoni, wakatangaziwa maili 148 kwa galoni yao. Lilipofika Marekani kama toleo la mwaka 2018, likiwa bado na betri ya kilowati-saa 12 na injini ya lita 2, lebo ya serikali ya huko ilisema kwamba likitumia petroli peke yake linakwenda maili 25 kwa galoni ya Marekani, ambazo ni kilomita 10.6 kwa lita. Gari ni lile lile, lina uzito wa tani 1.8 hivi, lina mota mbili za umeme na injini moja, na bado namba zake zinatofautiana zaidi ya mara sita kutoka nchi moja hadi nyingine.

Jambo ninalotaka kulieleza hapa ni kwamba hakuna hata moja kati ya namba hizo iliyobuniwa, na kwamba mtu akielewa zilivyopatikana anaweza kukaa na karatasi na kalamu akajua mwenyewe gari hilo litamgharimu kiasi gani. Nasisitiza hili kwa sababu magari ya aina hii yaliyotumika Japani yanaonekana siku hizi kwenye matangazo ya yadi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na tangazo huja na namba ya Kijapani kama ilivyo, bila neno lolote la kueleza ilikotoka.

Haibridi ya kuchaji ni gari lenye vyanzo viwili vya nguvu ambavyo havichangii safari kwa uwiano ulio thabiti. Ukiondoka nyumbani betri ikiwa imejaa, kilomita za mwanzo zinaweza kwenda kwa umeme bila injini kuwaka kabisa. Betri ikiisha, gari linaendelea kama haibridi ya kawaida, injini ikifanya kazi kubwa na betri ikiokoa kidogo kila unapokanyaga breki. Kwa hiyo gari moja lina tabia mbili za ulaji wa mafuta: moja ni sifuri au karibu na sifuri, na nyingine ni ya gari la petroli lililobeba betri nzito. Ili kutoa namba moja ya kuandika kwenye karatasi, lazima mtu aamue ni sehemu gani ya safari itakwenda kwa tabia ya kwanza na sehemu gani kwa tabia ya pili. Uamuzi huo hautokani na gari. Ni makadirio kuhusu dereva: anaishi umbali gani na kazini kwake, anachaji mara ngapi, anasafiri mbali mara ngapi kwa mwaka.

Ulaya ya wakati ule makadirio hayo yalikuwa yameandikwa wazi ndani ya kanuni za majaribio, na ni mepesi kiasi kwamba yanashangaza. Kanuni ilichukulia kwamba dereva huendesha kwa umeme hadi betri iishe, kisha anaendesha kilomita 25 kwa petroli, halafu anachaji tena. Basi. Outlander ilipimwa maabara ikaonekana kwenda kilomita 52 kwa umeme, na betri ikiwa imeisha ilikula lita 5.8 kwa kilomita 100. Jumlisha 52 na 25 upate 77, katika kilomita hizo 77 petroli inatumika kwenye 25 tu, zidisha 5.8 kwa 25, gawanya kwa 77, na jibu ni 1.88. Hiyo ndiyo lita 1.9 iliyotangazwa Ulaya nzima. Mtu yeyote mwenye kikokotoo cha simu angeweza kuipata, na angeweza pia kuona kwamba namba hiyo inamhusu mtu anayechaji gari kila baada ya kilomita 77, bila kukosa hata mara moja, mwaka mzima.

Namba ya Japani inaweza kufunguliwa kwa njia hiyo hiyo, hata bila kuijua kanuni yao. Karatasi za Kijapani zina tabia nzuri ya kuandika pia ulaji wa petroli betri ikiwa imeisha, nao kwa Outlander hiyo ni kilomita 18.6 kwa lita. Gawanya 18.6 kwa 67 upate 0.28. Maana yake ni kwamba namba kubwa ya kilomita 67 inachukulia kuwa asilimia 28 tu ya safari zako zitatumia petroli, na asilimia 72 zilizobaki zitakwenda kwa umeme wa kuchaji. Fanya hivyo hivyo kwa Toyota Prius PHV ya mwaka 2012, haibridi ya kuchaji pia, yenye betri ndogo ya kilowati-saa 4.4: ilitangazwa kilomita 61 kwa lita kwa mchanganyiko na kilomita 31.6 kwa lita kama haibridi, kwa hiyo makadirio yaliyojificha ndani yake ni asilimia 48 ya safari kwa umeme. Kwa mtazamo wa namba kubwa peke yake, Outlander yenye tani 1.8 inaonekana kula petroli kidogo kuliko Prius. Ukweli ni kwamba betri kubwa zaidi iliifanya kanuni ikadirie umeme mwingi zaidi, na kosa la makadirio hayo likitokea, mwenye Outlander ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa gari lake likikosa umeme linakula petroli karibu mara mbili ya lile la mwenzake.

Huo ni upande mmoja wa tofauti. Upande wa pili ni vipimo vyenyewe vya maabara. Mzunguko wa majaribio wa Japani wa wakati ule, JC08, ulikuwa na mwendo wa wastani wa kilomita 24 kwa saa na haukuzidi kilomita 82 kwa saa, na kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Mzunguko wa zamani wa Ulaya ulidumu dakika 20, ulikuwa na kilomita 11 tu, na nao haukuwasha kiyoyozi. Wamarekani wanapima ndani ya maabara pia, lakini taratibu zao zina jaribio la mwendo mkali, jaribio la baridi na jaribio la joto la nyuzi 35 kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na kwa umbali wa umeme huwa wanapunguza matokeo hadi karibu asilimia 70 ya yale ya maabara kabla ya kuyaandika kwenye lebo. Ndiyo sababu umbali wa umeme wa Outlander ni kilomita 60.2 Japani, 52 Ulaya, na maili 22, yaani 35, Marekani. Na Prius ile ya kilomita 31.6 kwa lita, Marekani ilipewa maili 50 kwa galoni kama haibridi, ambazo ni kilomita 21 kwa lita. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye hawezi kuendesha mwezi Februari bila kiyoyozi, ninaona lebo ya Marekani ndiyo ya kuanza nayo, na huwa naitafuta kila ninapoulizwa kuhusu gari lililowahi kuuzwa kule.

Wamarekani wenyewe walifika hapo baada ya kupita mtihani wao. Mwezi Agosti 2009 General Motors ilitangaza kwamba Chevrolet Volt, ambayo ilikuwa haijaanza kuuzwa, ingekwenda maili 230 kwa galoni mjini, sawa na kilomita 98 kwa lita, kwa kufuata rasimu ya utaratibu wa Wakala wa Ulinzi wa Mazingira, EPA. Wakala ulijibu kwamba ulikuwa haujalipima gari hilo na hauwezi kuithibitisha namba hiyo. Nissan nao wakajitokeza na namba ya maili 367 kwa Leaf yao, ambayo haina tangi la petroli hata kidogo. Lebo rasmi ya Volt ilipotoka mwaka 2010, iligawa habari vipande: maili 35 kwa umeme, kisha maili 37 kwa galoni kwa petroli. Kutoka 230 hadi 37 gari halikubadilika, ila Wakala ulikataa kuruhusu makadirio ya dereva yameze kipimo cha gari. Nadhani huo ulikuwa uamuzi bora kuliko wote uliowahi kufanywa katika jambo hili, na ninasikitika kwamba Ulaya haikuufuata mapema.

Kwa Ulaya ukweli ulijulikana kwa njia ya matumizi. Mwaka 2018 nchini Uingereza, kampuni inayosimamia kumbukumbu za mafuta za magari ya makampuni ilieleza kwamba haibridi za kuchaji zilizokuwa kwenye kumbukumbu zake zilikuwa zikifanya karibu maili 40 kwa galoni, wakati namba zao rasmi zilikuwa na wastani wa karibu 130, na kwamba baadhi zilirudishwa na nyaya za kuchajia zikiwa bado ndani ya mfuko wa plastiki. Baadaye ICCT, taasisi ya utafiti wa usafirishaji, pamoja na Fraunhofer ISI ya Ujerumani, walikusanya takwimu za maelfu ya magari na kuonyesha mwaka 2022 kwamba haibridi hizo mikononi mwa watu binafsi Ulaya zilikuwa zikitumia lita 4.0 hadi 4.4 kwa kilomita 100, na zile za makampuni lita 7.6 hadi 8.4, ilhali namba rasmi zilikuwa lita 1.6 hadi 1.7. Sehemu ya safari iliyokwenda kwa umeme ilikuwa asilimia 45 hadi 49 kwa watu binafsi, na asilimia 11 hadi 15 tu kwa magari ya makampuni.

Tofauti hiyo kati ya mtu binafsi na gari la kampuni inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha kwamba tatizo haliko kwenye chuma. Mfanyakazi anayepewa gari la kampuni mara nyingi hupewa na kadi ya mafuta. Petroli analipiwa, lakini umeme wa nyumbani analipa mwenyewe. Kuchaji kunamgharimu, kutochaji hakumgharimu. Mwajiri naye alilichukua gari hilo kwa sababu namba rasmi ndogo ilimpunguzia kodi. Kila mmoja alifanya lililo na faida kwake, na betri ikabebwa barabarani kama mzigo. Ninapoulizwa na ofisi yoyote huku kwetu kama inafaa kununua haibridi za kuchaji kwa ajili ya maofisa wake, swali langu la kwanza huwa ni nani atalipa umeme na gari litachajiwa wapi, na kama jibu halipo, basi ninashauri wanunue haibridi ya kawaida.

Tangu mwaka 2021 magari mapya ya Ulaya yanatakiwa kuwa na kipimo cha ndani kinachorekodi mafuta yaliyotumika kweli, na Tume ya Ulaya ilipochapisha matokeo mwezi Machi 2024, ilionekana kwamba utoaji wa kaboni dioksidi wa haibridi za kuchaji barabarani ulikuwa mara tatu na nusu ya ule wa maabara, wakati magari ya kawaida ya petroli na dizeli yalizidi kwa asilimia 20 hivi. Kutokana na ushahidi wa aina hii kanuni zimebadilishwa. Gari lenye kilomita 60 za umeme lilikuwa likikadiriwa kutumia umeme kwa karibu asilimia 80 ya safari zake. Kwa aina mpya zinazoidhinishwa kuanzia 2025 makadirio hayo yameshuka hadi karibu nusu, na hatua inayofuata, iliyowekewa mwaka 2027, inayashusha hadi karibu theluthi moja. Hii ina maana kwamba ukilinganisha karatasi ya gari la 2023 na ya 2026 la aina hiyo hiyo, lile jipya linaweza kuonekana mlafi zaidi ya lile la zamani ingawa hakuna kilichobadilishwa ndani yake. Namba za haibridi za kuchaji zilizopimwa chini ya kanuni tofauti hazilinganishiki, hata zikiwa zimeandikwa kwa kipimo kimoja.

Kipimo chenyewe cha kilomita kwa lita, ambacho ndicho tunachokitumia Afrika Mashariki, kinazidisha ugumu. Chukua gari linalofanya kilomita 10.6 kwa lita betri ikiwa imeisha. Likienda nusu ya safari kwa umeme, litaonekana kufanya kilomita 21 kwa lita. Likienda asilimia 90 kwa umeme, linafanya 106; asilimia 95, linafanya 212; na asilimia mia, namba haina mwisho. Kutoka 106 hadi 212 inaonekana hatua kubwa ajabu, kumbe petroli iliyookolewa ni chini ya nusu lita kwa kilomita 100, wakati hatua ya mwanzo, kutoka 10.6 hadi 21, iliokoa karibu lita tano. Ndiyo maana ninapofanya hesabu za magari haya huwa nabadilisha kila kitu kuwa lita kwa kilomita 100 kwanza, na umeme kuwa uniti, yaani kilowati-saa, kwa kilomita 100, na mwishoni shilingi kwa kilomita 100. Shilingi hazidanganyi.

Tena kilomita kwa lita haihesabu umeme kabisa, kana kwamba umeme unatoka hewani. EPA walijaribu kuziba pengo hilo kwa kuhesabu kilowati-saa 33.7 kuwa sawa na galoni moja ya petroli, na kwa kipimo hicho Outlander ya 2018 ilipewa maili 74 kwa kila "galoni" ya umeme. Kipimo hicho kinafaa kwa nishati, lakini hakifai kwa mfuko wa mtu, kwa sababu bei ya nishati hiyo kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, na bei yake kwenye pampu ya mafuta hazifanani. Kilicho na manufaa kwetu ni kile kinachotokana nacho: gari linakula karibu uniti 28 kwa kila kilomita 100 za umeme, ukijumlisha na kinachopotea wakati wa kuchaji.

Shemeji yangu alinitumia picha ya tangazo la gari hilo hilo akaandika, "Shemeji, kilomita 67 kwa lita! Tukilipata hili, sheli tutakuwa tunapita kuwasalimia tu." Nilimjibu, "Shemeji, hapo Tegeta hadi Posta ni kilomita ngapi, na gari litalala wapi?" Kwenda na kurudi, ndani ya Dar es Salaam, ni kama kilomita 50, gari litalala ndani ya uwanja wake ambako anaweza kuvuta umeme, na kazini hakuna pa kuchaji. Tukaanza hesabu hapo. Gari likiwa jipya lingekwenda kilomita 35 kwa umeme kwa kipimo cha Marekani. Kwa gari lililotumika nikashauri tuweke 28. Kila siku ya kazi basi angekwenda kilomita 28 kwa umeme na 22 kwa petroli, na kwa juma la siku tano kilomita 140 kwa umeme na 110 kwa petroli. Hizo 140 zinahitaji uniti 39, na hizo 110, kwa kilomita 10.6 kwa lita, zinahitaji lita 10.4.

Tukichukulia uniti moja ni shilingi 356 na lita ya petroli ni shilingi 3,000, umeme ni shilingi 14,000 hivi na petroli ni 31,000 hivi, jumla 45,000 kwa juma. Gari la petroli la ukubwa kama huo likifanya kilomita 10 kwa lita lingemla shilingi 75,000. Akiba ipo, na ni kubwa, wala sikumficha. Ila nikamwekea na gari la tatu mezani: haibridi ya kawaida, ndogo kidogo, isiyochajiwa popote, ikifanya kilomita 18 kwa lita barabarani, ingetumia lita 13.9, yaani shilingi 41,700. Kwa safari zake za kila siku gari lisilo na waya wowote lingekaribiana na lile la kuchaji, au kulipita, tena bila ya kuongeza saketi mpya ya umeme nyumbani. Mambo yangegeuka kama kazini kwake kungekuwa na soketi: kilomita zote 50 zingekwenda kwa umeme, na juma zima lingegharimu shilingi 25,000. Na Desemba, akienda Moshi na familia, kilomita zaidi ya 500, betri ingekuwa imeisha kabla hajafika Chalinze, na sehemu yote iliyobaki angeendesha gari la petroli la kilomita 10.6 kwa lita, pengine bora kidogo kwa mwendo wa taratibu wa barabara kuu. Soketi moja kazini ilikuwa na uzito kuliko namba zote za tangazo.

Foleni nayo ina jambo lake ambalo maabara hailioni. Mota ya umeme haili kitu gari likiwa limesimama, na hapo haibridi ya kuchaji hulishinda gari la petroli kwa mbali. Lakini kiyoyozi hula betri kwa saa, hakili kwa kilomita, kwa hiyo ukikaa saa moja na nusu Mwenge au Tazara jua likiwaka, umeme uliopaswa kukupeleka kilomita kadhaa unakuwa umeishia kupoza hewa ya ndani. Kilomita za umeme zinapungua kwenye foleni ingawa hujakanyaga mafuta.

Kwa aliye na gari tayari, kupima mwenyewe ni kazi nyepesi akifuata utaratibu. Kosa la kawaida ni kuondoka na betri imejaa, kutembea safari fupi, kurudi na betri imeisha, kisha kusoma wastani kwenye dashibodi na kuutangaza. Hapo petroli imehesabiwa na umeme umesahauliwa. Ninachopendekeza ni kupima kila tabia peke yake. Endesha hadi gari lenyewe lioneshe kuwa halina tena kilomita za umeme, jaza tangi kwenye pampu fulani hadi ikate yenyewe, andika odomita, halafu endesha siku kadhaa bila kuchaji, rudi pampu ile ile ujaze tena. Lita ulizojaza ukizigawa kwa kilomita ulizotembea na kuzidisha kwa 100, unapata namba ya kweli ya betri ikiwa imeisha. Kwa umeme, tumia kipimio cha kuchomeka kati ya soketi na waya wa gari, kwa sababu mita ya nyumba inahesabu pia jokofu na pampu ya maji. Jaza betri, tembea hadi iishe, jaza tena, ugawe uniti zilizoingia kwa kilomita za umeme, na uzidishe kwa 100 vilevile. Wakati wa vipimo vyote viwili usiguse kitufe kinachoiamuru injini ichaji betri, ambacho Outlander inacho. Injini ikichaji betri, unazalisha umeme kwa petroli ya bei ya pampu, kisha dashibodi inakuonesha kilomita za umeme kana kwamba zilikuja bure. Kuhusu soketi, mwite fundi umeme aweke laini ya peke yake yenye kikata umeme chake, kwa kuwa plagi ya kawaida inayobeba mzigo mkubwa kwa saa nne au tano mfululizo huchemka, na waya uliokuja na gari kutoka Japani utazamwe kwanza kama unakubali volti zetu.

Lililobaki ni umri wa betri, nalo halimo katika karatasi yoyote, ya Japani wala ya Marekani, kwa kuwa zote zilipima gari jipya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Tanzania inaruhusu kwa kulitoza ushuru zaidi, na katika hali zote mbili gari linalofika bandarini limeshachajiwa mara nyingi sana. Betri ya Outlander ya kilowati-saa 12 ikiwa mpya husomeka kuwa na ujazo wa ampea-saa 38 hivi, na kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, kikiunganishwa na programu ya simu, kinaweza kusoma kilichobaki. Ikisomeka 28, gari limebaki na asilimia 74 ya uwezo wake, na zile kilomita 35 zimekuwa 26. Hesabu ya shemeji inabadilika hapo hapo, maana kilomita mbili za kila siku zinahama kutoka kwenye LUKU kwenda kwenye pampu. Huwa naomba picha ya kipimo hicho kabla ya malipo yoyote, ikionesha namba ya chesisi kando yake; muuzaji akishindwa kuitoa, ninaweka kilomita 20 za umeme kwenye hesabu, ninaipitia upya kuanzia juu, na ninaangalia kama bei anayoitaka bado inalipa.